Tuta kabla ya kivuko: SARSAI ilivyopunguza majeruhi nje ya shule za Dar es Salaam

Mwaka 2019 taasisi ya WRI ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya miji, Ross Prize, yenye thamani ya dola 250,000 za Marekani. Miongoni mwa waliofika fainali ilikuwemo Metrocable ya Medellín, Colombia, inayobeba abiria angani kwa nyaya. Tuzo ilichukuliwa na SARSAI, mradi wa shirika la Amend unaojenga matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu karibu na shule za miji ya Afrika, Dar es Salaam ikiwa miongoni mwao.

Ushindi huo unaelezeka kwa mpangilio wa kazi. Hatua ya kwanza ni kuchagua shule kwa kuangalia wanafunzi wanagongwa wapi zaidi. Hesabu za polisi pekee hazitoshi, maana ajali nyingi ndogo haziripotiwi. Ndiyo maana wanajamii wenyewe huulizwa. Kisha wataalamu husimama barabarani asubuhi watoto wanapoingia na mchana wanapotoka, wakiangalia wanapita wapi hasa na wanavukia wapi. Njia halisi ya mtoto ndiyo inayoamua mchoro.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida: njia ya miguu iliyotenganishwa na magari, nguzo fupi za kuzuia pikipiki na magari yasipande humo, kivuko cha pundamilia, alama na matuta. Penye nafasi, geti la shule huhamishwa kutoka barabara kuu kwenda mtaa wa pembeni wenye magari machache. Wanafunzi nao hufundishwa kuvuka, lakini somo hilo halibebeshwi mzigo wote.

Kiini cha usanifu ni mwendo. Sheria ya Tanzania inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kwa mwendo huo, dereva anayehitaji sekunde moja kutambua hatari atakuwa amesogea karibu mita 14 kabla hajakanyaga breki, na hata kwenye lami kavu atahitaji takriban mita 14 nyingine kusimama. Anayekwenda kilomita 30 husimama kabisa ndani ya mita 13 hivi. Pale ambapo wa kwanza ndiyo kwanza anagusa breki, wa pili ameshasimama. Rangi ya kivuko peke yake haiwezi kuleta tofauti hiyo. Tuta lililowekwa kabla ya kivuko linaweza, kwa kuwa halisubiri hiari ya dereva wala uwepo wa trafiki. Mwendo huo mdogo unamfaa pia mwendesha baiskeli anayelazimika kutumia lami moja na daladala.

Matokeo yalipimwa kwa kulinganisha maeneo ya shule zilizoboreshwa na yale ambayo hayakuguswa. Majeruhi walipungua kwa zaidi ya robo, na mwendo wa magari ulishuka kwa hadi asilimia 60 katika baadhi ya sehemu.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Inatengeneza shule moja baada ya nyingine, wakati barabara mpya zinaendelea kujengwa zikiwa na kasoro zilezile. Rangi hufutika, na njia ya miguu isiyolindwa hugeuka maegesho au genge. Bila bajeti ya matengenezo, kilichojengwa hudhoofika.

Funzo la SARSAI linapaswa kuingia kwenye mchoro kabla katapila halijafika. Kuweka tuta na njia ya miguu wakati wa ujenzi ni rahisi kuliko kurudi kuchimba lami mpya. Kamati za shule na wajumbe wa serikali za mitaa wasisubiri uzinduzi. Mradi wa barabara unapotangazwa, waombe kuona mchoro na waulize swali moja: watoto watavukia wapi, na nini kitalazimisha magari yapunguze mwendo hapo?