Maji Juu ya Granito

Binti alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi, meta mkononi, penseli nyuma ya sikio, akipima unene wa utepe wa shaba unaogawa sakafu. Milimita tatu. Akaandika, akasogea, akapima mwingine. Nyumba yenyewe iko karibu na Barabara ya Patrice Lumumba, Bukavu, moja ya zile zenye kona za mviringo na roshani zinazotazama ziwa kama sitaha ya meli. Anasomea usanifu, na kazi yake ya kumalizia masomo ni mtaa huu wa zamani, nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimepita kumsalimu tu, kwa kuwa kwao na kwetu ni Shabunda. Nikabaki hadi jua linazama.

Aliyenibakiza ni mzee aliyekuja naye, fundi wa granito, ile sakafu ya saruji na vijiwe, mikono yake imekauka kama ngozi ya ngoma.

“Papa, sakafu hii ilimwagwa kwa siku ngapi?”

“Kumwaga ni siku moja, mtoto wangu. Kusugua ndiko kulikokula majuma.”

Aliyekulia kwenye nyumba hizo hana haja ya kuelezwa granito. Bukavu haina joto la kumlaza mtu chini, lakini watoto tulilala hata hivyo, shavu sakafuni, tukitafuta wanyama katika vijiwe. Mimi nilikuwa na bata wangu, kijiwe cheusi chenye shingo, karibu na mlango wa jikoni. Kila nikirudi kutoka shule nilimkanyaga kwa kidole gumba kabla sijavua mkoba. Mama akipiga deki, bata aliamka, akawa mweusi kabisa na shingo yake ikaonekana. Sakafu ikikauka alififia kidogo, ila hakupotea. Sikujua wakati ule kwamba kutopotea kwake kulikuwa kazi ya mkono wa mtu.

Mzee aliionyesha kwa vitendo. Jiwe la kwanza ni la kukwaruza, linakula saruji mpaka vijiwe vifunuke. Linafuata la wastani, halafu laini, na muda wote maji yanamwagwa na tope la kijivu linakombwa. Kisha vitundu vinazibwa kwa uji wa saruji, unaachwa ugande, na mtu anarudi kusugua upya. Alipofika kwenye pembe, ambako sakafu inapanda kidogo ukutani kwa mkunjo laini ili fagio lisikwame, alinyamaza. Akafumba macho, akapitisha kiganja taratibu kwenye ule mkunjo, kwenda na kurudi. Pale mashine haifiki, alisema. Pale anapiga magoti mtu.

“Sakafu yenye maji yote inang’aa,” akaongeza. “Ngoja ikauke ndipo uone kama ulifanya kazi.”

Nikawakumbuka wazee wetu Walega wa Shabunda. Vinyago vya chama chao cha Bwami, vya pembe za ndovu na vya mti, havikusifiwa kwa kuchongwa peke yake. Vilipakwa mafuta na kushikwashikwa mpaka vikapata rangi ya asali, na Kilega kina neno busoga, lenye wema na uzuri ndani yake pamoja. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikapiga Bwami marufuku. Vingi vya vinyago hivyo leo viko Ubelgiji na Marekani, ndani ya vioo, taa juu yake, na sidhani kama kuna mkono unaovipaka mafuta. Mzee wa granito, Mlega naye, aliposikia nikimweleza binti haya alicheka tu: “Babu yangu alisugua pembe, mimi nikasugua saruji ya Wabelgiji.”

Ya Wabelgiji, ndiyo. Mwaka 1927 mji ulipewa jina la mkoloni Costermans, na walioupanga walikaa kando ya ziwa huku waliosugua sakafu wakipanda jioni kulala Kadutu. Kwa hiyo simlilii mwenye nyumba wa wakati ule. Binti naye ameliona hilo: pembeni mwa kila mchoro wake kuna safu aliyoiita “mkono”, ya kuandika jina la fundi. Nilipekua kurasa zake. Safu karibu zote ni tupu.

Mtaa huu umepitiwa na mamluki wa Schramme mwaka 1967, na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, na Februari 2025 wakaingia waasi wa M23. Nyumba nyingi bado zimesimama. Zinavunjwa na sisi, wakati wa amani, kwa pesa kidogo tuliyoipata. Parsele inakatwa vipande vinne, roshani inazibwa kwa vioo vya buluu, ukuta wa mbele unabandikwa vigae kama bafu. Hifadhi ya sokwe ya Kahuzi-Biega, mwendo mfupi kutoka hapa, imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1980, na Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000. Hata kule Zanzibar, sehemu ya jumba la Beit el Ajaib iliporomoka Desemba 2020 ikiwa kwenye orodha hiyo hiyo. Sisi hatuna hata orodha ya kuporomokea.

Na mimi ni nani wa kulaumu? Nyumba ya wazazi ilipokuja mikononi mwangu, niliita vijana wawili wenye nyundo. Niliona aibu kwa wageni: granito ilikuwa na ufa mmoja sebuleni. Siku tatu ikawa imekwisha, vigae vyeupe ukumbi mzima. Vifusi tukavimwaga kwenye mashimo ya njia ya mtaa, mvua ya Novemba ikavisomba kuelekea ziwani, na bata wangu humo. Vigae navyo vilianza kubanduka mwaka wa pili.

Nilimuuliza mzee kama ana kijana anayemfundisha. Akatazama mikono yake. Wapo waliokuja, alisema, wakakaa mpaka jiwe la pili.

Ukumbini, nyuma ya mlango, maboksi ya vigae yalikuwa yamepangwa hadi kiunoni. Mwenye nyumba amempa binti muda hadi Jumamosi. Mzee akaomba ndoo, akachota maji kwa kiganja, akayatandaza juu ya vumbi la miaka. Vijiwe vikajitokeza, vyekundu, vya kijani, vyeupe kama maziwa, na binti akaanza kupaka rangi kwenye karatasi haraka haraka.

“Usikimbilie,” mzee akamwambia, huku akikaa kwenye ngazi. “Acha ikauke kwanza.”

Tukakaa wote watatu, tukasubiri.