Ukuta Mtupu na Penzi Lisilotamkwa katika Picha ya Johannes Vermeer

Katika picha ya msichana asomaye barua dirishani, iliyochorwa takribani mwaka 1657–1659 na kuhifadhiwa Dresden, Ujerumani, ukuta mtupu ulisomwa kwa muda mrefu kama lugha ya penzi lisilotamkwa. Ukarabati uliokamilika mwaka 2021 ulifichua ukutani hapo Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi, akikanyaga barakoa, ishara ya unafiki. Aliyemfunika kwa rangi hakuwa Vermeer. Je, ukimya tuliouhakiki ulikuwa wa nani? Mtafiti anakiri kuwa aliupenda zaidi ule ukuta mtupu. Hata hivyo, Kupido hatusomei barua: macho ya msichana yangali yameinama, na uso wake unaoakisiwa na kioo cha dirisha hautoi jibu.