Mchezo wa Polyeucte, na Upendo Usiojitafutia Faida

Viko vitabu tusomavyo mara moja tukaviweka, na viko vingine ambavyo kila tuvisomapo hutuuliza swali jipya. Kitabu nitakachokieleza leo ni cha namna ya pili. Ni mchezo wa Kifaransa uitwao Polyeucte, uliotungwa kwa mashairi na Pierre Corneille, mtu wa mji wa Rouen, aliyezaliwa mwaka 1606 akafa mwaka 1684. Ulichezwa mara ya kwanza Paris katika majira ya baridi ya 1642 na 1643, ukapigwa chapa mwaka ule wa 1643. Padre mmoja aliyenifundisha Kifaransa aliniachia nakala yake alipokuwa akirudi kwao. Nimeusoma mara nyingi, nao nausifu. Walakini siusifu wote, na sababu zake nitazieleza.

Kwanza yafaa tujue habari yenyewe. Mambo haya yatukia katika mji wa Melitene, nchi ya Armenia, zamani za Kaisari Decius. Huyu Decius alitawala tangu 249 hata 251, na katika mwaka 250 alitoa amri kwamba kila mtu atoe dhabihu kwa miungu ya Roma, kisha apewe hati ya kushuhudia kwamba ametoa. Hati za namna hiyo zimeonekana Misri, zimeandikwa juu ya mafunjo. Liwali wa Kaisari katika Armenia ni Félix. Binti yake, Pauline, ameolewa siku 15 tu na Polyeucte, mmoja wa wakuu wa nchi ile. Lakini zamani huko Roma Pauline alimpenda askari mmoja, Sévère, naye akampenda. Baba yake alimkataa kijana yule kwa kuwa hakuwa na mali wala cheo. Baadaye habari zikaenea kwamba Sévère amekufa vitani. Basi Pauline akamtii baba yake, akaolewa na Polyeucte, akampenda mumewe kwa moyo safi.

Kumbe Sévère hakufa. Alikuwa amemwokoa Kaisari vitani, na sasa aja Melitene, naye ni kipenzi cha Kaisari, tena mwenye nguvu kuliko liwali. Siku ile ile Polyeucte abatizwa kwa siri pamoja na kuvutwa na rafiki yake Néarque. Watu wakusanyika hekaluni kutoa dhabihu ya shukrani. Polyeucte na Néarque waingia, wayavunja masanamu mbele ya watu wote. Néarque auawa papo hapo. Polyeucte afungwa, aambiwa atubu kwa miungu au afe. Asihiwa na mkewe, asihiwa na mkwewe, akataa, auawa. Pauline akiisha kuona damu ya mumewe aamini. Na mwisho Félix mwenyewe aamini.

Mtu akiisoma habari hii kwa haraka atasema: Ni kitabu cha kumsifu shahidi, basi. Nami nalisema hivyo mara ya kwanza. Lakini tazameni vema mambo matatu.

La kwanza ni masanamu. Corneille aonyesha kuvunja kule kama tendo la ushujaa usio na doa, na Néarque, ambaye kwanza alisita, ashindwa na maneno ya rafiki yake. Je, Kanisa la zamani lilikuwa na shauri lilo hilo? Sivyo. Mwanzo wa karne ya 4 maaskofu walikutana Elvira katika nchi ya Hispania, na katika kanuni ya 60 walikata neno kwamba mtu akivunja sanamu akauawa kwa ajili ya hayo, asihesabiwe katika mashahidi. Maana jambo hilo halimo katika Injili, wala halikutendwa wakati wa Mitume. Tena mwenye Kitabu cha Matendo na atazame sura ya 19. Mji wote wa Efeso ulifanya ghasia juu ya Paulo na wenzake, na karani wa mji, asiyekuwa Mkristo, aliwatetea kwa kusema kwamba watu hawa hawakuiba katika hekalu wala hawakumtukana mungu wa Waefeso. Paulo alikaa mji ule zaidi ya miaka miwili, akageuza mioyo ya watu wengi, asiguse sanamu hata moja kwa nyundo.

Jambo hili silisemi kwa kupenda kumhukumu mtu. Mimi mwenyewe, mwezi mmoja baada ya kubatizwa, naliingia katika kibanda cha tambiko cha babu yangu mzaa mama, nikavunja vyungu vyake vitatu. Nalijiona shujaa. Babu hakunipiga, wala hakunishitaki kwa jumbe. Aliviokota vigae kimoja kimoja akaviweka chini ya mti. Akakaa miaka kumi na mmoja bila kukanyaga kanisani, na kila aliyemwita alimjibu neno moja tu: "Dini yenu naliiona siku ile." Nalimwomba radhi, lakini nalichelewa sana. Basi niisomapo sehemu ya mchezo huu ambapo kijakazi Stratonice aja mbio kumpasha Pauline habari za hekaluni, mimi humfikiri babu, siwafikiri mashujaa.

La pili ni Pauline. Polyeucte akiwa kifungoni amwita Sévère, na mbele ya mkewe amwambia kwamba amwachia Pauline, kwa kuwa wao wawili walipendana tangu zamani. Waalimu wengi walisifu sana jambo hili, wakaliita upendo mkuu. Jioni moja naliwasimulia watu wa kijijini kwetu mchezo huu, na nilipofika hapa bibi kizee mmoja aliinua mkono, akauliza: "Mwalimu, huyo mke aliulizwa?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alipofiwa na mumewe zamani alirithiwa na shemeji yake, wala hakuna aliyemwuliza.

Nalinyamaza, kwa sababu swali lake lilikuwa la haki. Kumpa mtu kitu kisicho chako si ukarimu, na mke si ng'ombe wa kuachiwa jirani. Polyeucte alimpenda Pauline kweli. Alimlilia machozi, akamwombea kwa Mungu apate kuamini, na maombi yale ni ya thamani kuliko zawadi yoyote. Lakini mkono ulioinuliwa kuombea haukupaswa kushuka na kugawa. Na hapa ndipo ninapomsifu Corneille, maana alimpa mwanamke huyu kinywa. Polyeucte akiisha kuondoka, Pauline amwambia Sévère waziwazi kwamba hata akifiwa hataolewa naye, kwa kuwa kuja kwake, ingawa hana kosa, ndiko kuliko sababu ya mauti ya mumewe. Kisha, badala ya kumfariji, amwomba jambo lililo gumu: aende kwa Félix akaokoe maisha ya Polyeucte. Bibi yangu, kama wasoma au wasomewa maneno haya, jibu lako ni hilo: hakuulizwa, lakini alijibu.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni Sévère na yule liwali. Fikirini hali ya Sévère. Ampenda Pauline. Akinyamaza tu, mumewe atakufa, na mkono wa Sévère hautakuwa na damu. Tena mwenzake Fabian amwonya kwamba Kaisari awachukia Wakristo, na mtu awateteaye aweza kuanguka pamoja nao. Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Sévère hakula na Polyeucte, wala hakuzaliwa naye. Alikuwa mshindani wake. Hata hivyo aenda, amwombea maisha mtu ambaye kifo chake kingempa yote aliyoyatamani. Polyeucte atoa uhai wake, lakini mwenyewe asema kwamba aitazamia taji ya mbinguni, na ya kwamba furaha ya huko yapita furaha zote. Sisemi kwamba shahidi ni mchuuzi. Nasema tu kwamba Sévère hakutazamia taji yoyote, hapa wala huko. Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, ataja alama za upendo, na moja ni kwamba hautafuti mambo yake wenyewe. Katika mchezo huu wa Kikristo, anayechukua alama hiyo waziwazi ni mtu asiyebatizwa.

Corneille alikiri katika maneno ya mwanzo wa kitabu kwamba mapenzi ya Sévère aliyabuni mwenyewe, hayamo katika habari za kale za shahidi. Basi alimtia kwa kusudi, nami nadhani alijua alilolifanya.

Sasa mtazameni liwali. Félix si mtu katili. Ampenda binti yake, na mkwewe amhurumia. Lakini tangu Sévère aingie mjini, yeye hana ila hofu: atasema nini Sévère, ataandika nini kwa Kaisari? Hata wazo moja baya lamjia, kwamba Polyeucte akifa, Sévère atamwoa Pauline, na cheo cha baba mkwe kitapanda. Mwenyewe aliona haya wazo hilo. Kisha Sévère aja kumwombea mfungwa. Félix afikiri nini? Asema moyoni: Huu ni mtego. Ataka nimsamehe Mkristo ili anishitaki kwa Kaisari. Akatoa amri Polyeucte auawe.

Hapo, wasomaji, ndipo moyo wa kitabu ulipo. Polyeucte hakuuawa kwa chuki. Aliuawa kwa sababu mtu mwenye mamlaka alikuwa amekaa baraza za wakuu miaka mingi hata asiweze tena kusadiki kwamba mtu aweza kunena bila kujitafutia faida. Upendo ulibisha mlangoni kwake, umesema maneno yaliyo wazi, naye akauona mwivi. Aishiye kwa hila huona hila kila mahali. Nguvu za Félix zilikuwa nyingi: askari, magereza, mhuri wa Kaisari. Pungufu lake lilikuwa moja tu, nalo lilimgharimu mkwewe.

Mambo haya hayakukaa Armenia tu. Wengi wetu twajua habari za Namugongo katika Buganda, tarehe 3 Juni 1886, walipochomwa moto Karoli Lwanga na wenzake kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mmoja wao alikuwa Mbaga Tuzinde, kijana aliyelelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji. Mukajanga alimsihi sana aache dini, au akubali kufichwa; kijana akakataa. Mwisho mlezi wake akaamuru apigwe auawe kwanza, ili asiusikie moto. Huyo naye ni Félix: ana huruma, lakini huruma yake imefungwa minyororo na cheo chake, hata yote awezayo kumpa mwanawe ni kifo kilicho chepesi kidogo. Tena angalieni, vijana wa Namugongo hawakuuawa kwa kuvunja kitu cha mtu. Waliulizwa kama watashika dini yao, wakasema watashika. Kwangu ushahidi wao ni safi kuliko wa Polyeucte.

Mchezo wenyewe nao ulionja hofu ya watawala. Mwaka 1838 Donizetti, mtunga nyimbo wa Italia, aligeuza habari hii kuwa mchezo wa kuimbwa, akauita Poliuto. Mfalme wa Napoli akakataza usichezwe, kwa kuwa ulionyesha mtakatifu jukwaani. Ulichezwa Paris kwanza mwaka 1840, umegeuzwa kwa Kifaransa, na Napoli haukuchezwa hata mwaka 1848, mtungaji akiisha kufa.

Kosa moja zaidi nalitaja, kisha nitanyamaza. Katika mwisho Félix aongoka mara moja, katika maneno machache, na Sévère amwambia akae na cheo chake, amtumikie Mungu wake na mfalme wake. Ni mwepesi mno mwisho huu. Mtu aliyemwua mkwewe kwa kuogopa barua ya Kaisari, je, atawezaje kukaa juu ya kiti kile kile kesho yake asiogope tena? Toba yataka siku, na kiti chataka kuinukwa, hata kwa muda mfupi, mtu apate kukiona kilivyo. Laiti Corneille angalimwonyesha Félix akiwaachia wafungwa wengine, au akirudisha mhuri. Decius mwenyewe aliuawa vitani na Wagothi mwaka 251 kabla ya kufika miaka miwili kamili ya kutawala. Mamlaka yaliyoua kwa kujilinda hayakudumu.

Basi tujifunze nini? Wengi wetu si mashahidi, wala si maliwali. Lakini yuko mzee wa kanisa, yuko jumbe, yuko mwalimu mwenye fimbo, yuko baba nyumbani. Kila mmoja ana kiti chake kidogo. Siku moja mtu atakuja mlangoni kumwombea mwingine, na yeye mwenyewe hatapata kitu. Pengine hatakuwa mtu wa dini yetu. Tusiulize kwanza, "Huyu ataka nini?" Tumkaribishe aketi, tumsikilize hata mwisho. Babu yangu alipougua mara ya mwisho nalikwenda kumwuguza, nikakaa naye siku nyingi bila kusema habari za dini. Siku moja akaniuliza, "Wataka nini kwangu?" Nikamwambia, "Sitaki kitu, babu." Akanitazama sana, kisha akanyosha mkono nimsaidie kuketi.