Balbu Inayoijua Nyekundu

Mnunuzi anayejua kanga hamalizi biashara ndani ya duka. Huichukua doti hadi mlangoni, akaikunjua juani, akaitazama pindo na mji, ndipo arudi kuzungumza bei. Ndani, chini ya taa, nyekundu ilikuwa kama tofali lililochujuka. Nje imeiva, imekuwa damu ya mzee. Kanga ni ile ile. Taa ya dukani ndiyo iliyoificha rangi yake.

Wapo watu waliochoshwa na hali hiyo kiasi cha kuifungua taa yenyewe. Hawana kiwanda. Wana meza, bisibisi, pasi ya kulehemu, mita ya kupimia umeme na subira nyingi. Huichukua balbu ya LED ya dukani, huzing'oa chipu zake, hupandikiza nyingine zinazoitendea haki rangi, na kazi ikitoka vizuri, nyanya iliyo mezani hurudi kuwa nyanya.

Ugonjwa wanaoutibu ni wa kuzaliwa, kwani chipu tunayoiita nyeupe kwa asili yake ni ya buluu. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa sababu ya buluu hiyo, iliyowasumbua watafiti kwa miongo kadhaa. Kampuni ya Nichia ya Japani, alikokuwa akifanya kazi Nakamura, ilitoa LED nyeupe mwaka 1996 kwa kuifunika chipu ya buluu kwa fosfori, unga unaomeza sehemu ya buluu na kuitoa ikiwa njano. Buluu na njano zikikutana, jicho huona nyeupe. Lakini katika mchanganyiko huo nyekundu ni haba, na nyanya haiwezi kurudisha rangi ambayo taa haikuipa.

Kipimo cha jambo hili kipo. CIE, tume ya kimataifa ya mwanga, ilikiweka mwaka 1965 na kukirekebisha mwaka 1974. Balbu hupewa alama, ya juu kabisa ikiwa 100, kwa jinsi inavyozionyesha rangi za mfano ikilinganishwa na mwanga wa rejea. Balbu za zamani za waya wa tangsteni hukaribia 100. LED nyingi madukani hupata 80, alama inayosikika kama ya mwanafunzi hodari. Shida imejificha kwenye hesabu: wastani huo hutokana na rangi nane za kwanza, zote zilizopoa. Nyekundu iliyokolea ni ya tisa, huitwa R9, nayo haihesabiwi. Balbu ya 80 inaweza kuwa na R9 iliyo karibu na sifuri, na boksi lake lisiseme neno.

Kwa hiyo fundi wa nyumbani anapotafuta chipu, haanzi na wati wala lumeni. Anauliza R9. Huzitafuta zenye alama 95 na zaidi, zilizoongezwa fosfori ya nyekundu, au zile za SunLike, ambazo Seoul Semiconductor ilizileta mwaka 2017 zikianzia kwenye chipu ya zambarau badala ya buluu. Anajua atapungukiwa na mwanga kwa kila wati, maana jicho huihisi nyekundu iliyokolea kwa shida. Hasara hiyo anaikubali kwa moyo mweupe.

Kufungua balbu kunataka adabu. Kuba la plastiki hutoka kwa kuzungushiwa kisu chembamba penye gundi. Chini yake kuna bamba la alumini lenye chipu zilizopangwa mfululizo, kama shanga katika uzi mmoja. Moja ikikatika, zote huzimika. Umeme wa volti 230 una kilele cha volti 325 hivi, na kapasita huweza kuuhifadhi hata baada ya balbu kuchomolewa. Katika balbu nyingi, saketi ya chipu haijatenganishwa na umeme wa ukutani. Fundi makini hupima kwanza, hugusa baadaye, wala haiwashi balbu iliyo uchi mkononi mwake.

Kisha huja sehemu tamu.

Alumini hunyonya joto haraka mno, hata ncha ya pasi ya kulehemu huhangaika kuyeyusha lehemu iliyo chini ya chipu moja. Basi bamba zima hupashwa kutokea chini: juu ya jiko la umeme, juu ya kikaango ambacho hakitapikiwa tena, au juu ya pasi ya nguo iliyogeuzwa tumbo juu. Lehemu ya bati 63 kwa risasi 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183. Kwa muda hakuna kinachotokea. Halafu ile kijivu inang'aa ghafla kama zebaki, na chipu iliyowekwa mshazari inajivuta yenyewe, inageuka, inakaa sawa mahali pake. Ni mvuto wa uso wa lehemu iliyoyeyuka. Aliyeuona mara mia bado huinama kuutazama.

Kinachobaki ni kuipunguzia balbu mzigo. Katika balbu nyingi za bei nafuu, mkondo hupangwa na rizista mbili ndogo zilizokaa sambamba. Zikiwa za oma 10 kila moja, kwa pamoja ni oma 5. Ikitolewa moja, mkondo hupungua nusu. Balbu hupoa, na kila wati inayobaki hutoa mwanga zaidi kuliko mwanzo. Taa ya Dubai Lamp, ambayo Philips iliitengeneza kwa makubaliano na manispaa ya Dubai, hufikia lumeni 200 kwa wati kwa njia inayofanana na hiyo: LED nyingi, kila moja ikifanya kazi taratibu.

Nyumba ya sola ina shule yake. Chipu nyeupe hutaka volti 3 hivi, kwa hiyo tatu mfululizo hutaka 9. Anayeanza huweka rizista ya oma 30 ichukue volti 3 zinazobaki za betri ya 12, na mkondo huwa ampea 0.1. Betri ikichajiwa mchana hadi volti 14.4, mkondo hukaribia mara mbili, chipu zikachemka. Hapo hujifunza kuweka saketi inayoushikilia mkondo.

Majaribio hufanyika usiku. Mwanga wa balbu ukiangukia upande wa kung'aa wa CD, hupasuka kuwa upinde wa mvua: kwa balbu ambayo haijabadilishwa chipu, nyekundu ni ukanda mwembamba uliofifia, kwa iliyobadilishwa, umetanuka na kukolea. Kisha CD huwekwa kando na vitu vya nyumbani hutandazwa mezani: nyanya, kipande cha papai, kiganja cha mkono, kanga. Fundi huzima hii, huwasha ile, huzima tena. Mama mwenye nyumba anayepita na sufuria husimama. Huishika kanga kwa pindo, huigeuza, huisogeza karibu na taa. Mlangoni haipeleki.