Mlango Mpana Hautoshi: Kumwokoa Mwanafunzi Asiyeweza Kuukimbia Moto

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 umebeba machungu ya shule ya Kyanguli, Machakos, ambako mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni lenye madirisha ya nondo na mlango uliofungwa. Mwongozo unadai milango yenye upana wa futi 5, inayofunguka kwa nje na isiyofungwa wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiyo na nondo, mlango wa dharura katikati, mita 1.2 kati ya vitanda na njia ya mita 2.

Vipimo hivi ni vya lazima, lakini faida yake kubwa humwendea mwanafunzi anayesikia king'ora, anayeiona njia na anayeweza kukimbia. Wengine wanahitaji mpango wao.

Tofauti ambayo mpango huleta ilionekana New York. Bomu lilipolipuka World Trade Center mwaka 1993, John Abruzzo, mhasibu aliyepooza viungo, alibebwa kutoka ghorofa ya 69. Ilichukua saa 6. Baadaye vilinunuliwa viti vya kushukia ngazi: vyepesi, vinavyokunjwa, vyenye mikanda inayosuguana na kingo za ngazi ili visiteremke kwa kasi. Septemba 11, 2001, wenzake 10 walipokezana kumshusha kwa kiti kimojawapo kwa takriban saa moja na nusu. Jengo liliporomoka dakika 102 baada ya kugongwa na ndege. Kwa mwendo wa 1993, wote wangefia ngazini.

Shule haihitaji ghorofa 69 ili kupata funzo hilo. Inahitaji orodha ya majina, na mbele ya kila jina: ataamshwaje, atatoka vipi, nani atamsaidia, dawa yake iko wapi.

Kiziwi aamshwe kwa taa inayomulika au kifaa kinachotetemeka chini ya mto. Visipopatikana, jirani wa kitanda apewe jukumu la kumgusa. Ila orodha isomwe yote kwa pamoja, kwa kuwa mwanga unaomulika unaweza kumwangusha mwenzake mwenye kifafa. Asiyeona aifahamu njia kwa mikono na miguu, kwa kamba iliyofungwa ukutani hadi mlangoni. Anayetumia kiti cha magurudumu alale ghorofa ya chini, karibu na mlango, kiti kikiwa ubavuni mwa kitanda. Wasaidizi wake wawe na wa akiba, maana matroni naye huenda likizo.

Wenye pumu, kisukari na kifafa hawajaokoka kwa kufika uwanjani tu. Moshi hubana kifua, na kukosa dozi iliyobaki bwenini kunaweza kuleta degedege usiku uleule. Mfuko wa dawa, wenye jina na maelekezo, uwe na mtu aliyepangiwa kuubeba.

Haya yote yajaribiwe usiku, na wanafunzi hawa washiriki. Tabia ya kuwaambia wakae pembeni wakati wa zoezi, eti wasisumbuliwe, ndiyo inayoficha kasoro. Mwalimu asisimamishe saa kundi kubwa linapofika uwanjani; aisimamishe anapofika wa mwisho, na mpango urekebishwe kwa kuufuata muda huo.