Maji Baridi, Kiangazi na Kusi: Uhakiki wa Msamiati wa Bahari Ukisomwa kutoka Moba

1.0 Utangulizi

Msamiati wa bahari ni miongoni mwa hazina kongwe za Kiswahili. Mabaharia na wavuvi wa mwambao, tangu Lamu hadi Kilwa, walizipa majina pepo, mikondo, nyakati za maji na majira ya safari muda mrefu kabla ya elimu ya bahari kuwa somo la chuo kikuu. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kuieleza elimu hiyo kwa Kiswahili hukuta maneno yanamngojea: kusi na kaskazi, maleleji na demani, mkondo, bamvua, maji mafu, kupwa na kujaa. Wingi huu umezaa dhana kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha fanyika, na kwamba kilichobaki ni kuongeza istilahi chache za fizikia na kemia.

Makala haya yanaihoji dhana hiyo. Mahali palipochaguliwa kuipima ni Moba, mji ulioko ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kalemie, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zamani ukiitwa Baudouinville, mji huu una bandari yake chini ziwani na Kirungu juu ya uwanda. Kiswahili kilivuka ziwa hili katika karne ya 19 pamoja na misafara iliyopitia Ujiji, na leo ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo. Msomaji wa Moba basi si mgeni wa Kiswahili. Ila maji anayoyajua si yale yaliyozaa msamiati unaohakikiwa hapa.

Hoja ni hii: maneno ya Pwani yanapofika Moba aghalabu hayapotei, bali hubadili maana bila kutoa taarifa. Mwandishi asiyelitambua jambo hilo humpotosha msomaji pale pale anapodhani anamfundisha.

2.0 Kufanana si udugu

Kulilinganisha Ziwa Tanganyika na bahari si jambo jipya, na historia ya ulinganishi huo ina onyo kwa mwanaisimu. Katika miaka ya 1880 iligunduliwa kwamba ziwani humo mna konyeza, kiumbe anayejulikana zaidi baharini, na konokono wake wengi wana magamba yanayofanana na ya konokono wa bahari. J. E. S. Moore, aliyeongoza safari za utafiti ziwani humo mwaka 1896 na mwaka 1899, alitoa kitabu chake The Tanganyika Problem mwaka 1903 akidai kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale. Uchunguzi uliofuata uliikanusha rai hiyo. Ziwa lilizaliwa katika Bonde la Ufa, mamilioni ya miaka iliyopita, na konokono wale walipata maumbo yao humo humo kwa kuishi katika maji mapana na yenye kina kirefu. Moore aliona kufanana akakuita udugu.

Hata hivyo kufanana kwenyewe si uongo. Ziwa lina kina cha mita 1,470, urefu wa takriban kilomita 670, tabaka za maji zisizochanganyika kwa urahisi, mikondo, na mawimbi yaendayo chini ya uso wake. Mambo ambayo mwanafunzi wa Ulaya hufundishwa kwa mfano wa Atlantiki, mwanafunzi wa Moba angeweza kuyafahamu kwa mfano wa maji yaliyo mbele ya nyumba yake. Sharti moja ni kwamba maneno yatumike kwa uangalifu uleule ambao Moore aliukosa kwa konokono: neno la Moba lenye sura ya neno la Pwani huenda likawa limekulia kwingine.

3.0 Maji baridi yasiyo na baridi

Mfano wa kwanza ni maji baridi. Katika Kiswahili sanifu maneno haya yana kazi mbili: hutaja maji yenye joto dogo, na hutaja maji yasiyo na chumvi ya bahari. Baharini mazingira ya mazungumzo hutosha kuondoa utata, kwa kuwa maji yote ni ya chumvi na baridi haiwezi kuwa na maana nyingine. Ziwani utata unakuwa mzito.

Ziwa Tanganyika huitwa ziwa la maji baridi, na kwa maana ya pili ni kweli: kilo moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, ilhali lita ya maji ya ziwa hili haifikishi hata gramu moja. Lakini joto la maji ya juu liko kati ya nyuzi 24 na 28 za Selsiasi kwa mwaka mzima, na hata vilindini halishuki chini ya nyuzi 23. Mwanafunzi akiambiwa kwamba katika maji haya baridi, maji ya baridi hukaa chini na maji ya joto hukaa juu, amepewa sentensi iliyo sahihi kisarufi lakini isiyofahamika.

Na hapo ndipo kiini cha elimu yenyewe. Uzito wa maji kwa ujazo wake hutegemea mambo mawili makubwa, chumvi na joto. Baharini yote mawili hufanya kazi: karibu na Grinilandi maji yenye chumvi nyingi na baridi kali huzama na kuanzisha mzunguko unaofika bahari nyingine za dunia. Ziwani chumvi ni kidogo, hivyo joto ndilo mtawala mkuu. Tena tofauti ndogo ya joto hutosha, kwa sababu maji ya nchi za joto hubadili uzito upesi kuliko maji ya nchi za baridi. Maji safi yakipashwa kutoka nyuzi 24 hadi 27, kila mita ya ujazo hupungua takriban robo tatu ya kilo. Yakipashwa kutoka nyuzi 5 hadi 8, hupungua kiasi cha gramu 120 tu. Nyuzi 3 za Moba zinajenga kizuizi imara kuliko nyuzi 3 za ziwa la Ulaya katika majira ya baridi.

Kwa ajili hiyo maji ya juu na maji ya chini ya Tanganyika hayachanganyiki kikamilifu. Oksijeni hufika mita 100 hivi upande wa kaskazini na kina kikubwa zaidi upande wa kusini, na chini ya hapo samaki hawaishi. Virutubishi vingi navyo vimekaa huko chini. Kwa maelezo ya namna hii, neno maji matamu, lililopo tayari katika Kiswahili, lingefaa kushika maana ya maji yasiyo na chumvi, na neno baridi likaachiwa kazi yake ya joto peke yake.

4.0 Kiangazi kipi?

Mfano wa pili ni majira. Unguja, kiangazi ni miezi ya jua kali, hasa Januari na Februari, wakati kaskazi inapovuma. Miezi ya ubaridi ya Juni na Julai huitwa kipupwe. Moba, kama katika sehemu nyingi za bara, kiangazi ni majira makavu ya takriban Mei hadi Septemba, na miezi inayobaki kwa jumla huitwa masika. Pwani masika ni mvua za Machi hadi Mei tu.

Yaani mwandishi akisema kwamba bahari hupata joto kubwa wakati wa kiangazi, msomaji wa Moba atawaza miezi ambayo kwa hakika maji hupoa. Sentensi moja, tahajia moja, miezi miwili tofauti kabisa. Kosa hili haligunduliwi na mhariri wa Dar es Salaam kwa sababu kwake sentensi ni sahihi, wala mwalimu wa Kongo hana sababu ya kuitilia shaka, maana kila neno analijua.

Kinyume chake, kusi ni neno linalosafiri vizuri. Pepo za kusini-mashariki zinazovuma ziwani kuanzia Mei hadi Septemba ni za ukoo mmoja na kusi ya mwambao, na miezi yake inakaribiana. Anayetaka kuwaunganisha wasomaji wa Pwani na wa bara afadhali ataje upepo au mwezi kuliko majira.

5.0 Kinachoibuka

Kusi inapovuma juu ya ziwa husukuma maji ya joto kuelekea kaskazini. Tabaka ya juu hulundikana huko na kuwa nene. Upande wa kusini, karibu na Mpulungu nchini Zambia, hukonda, na maji ya chini yenye virutubishi hukaribia mwanga. Kusi ikikoma, tabaka hizo hurudi na kupembea chini ya uso kwa mawimbi ya ndani ambayo moja huchukua wiki kadhaa. Pwani ya Somalia, katika miezi iyo hiyo, maji ya chini huja juu pia, ingawa kwa sababu nyingine: mzunguko wa dunia huyapindisha maji ya juu yakaondoka ufukoni, na ya chini yakashika nafasi yao.

Kiswahili kinaliitaje tendo hili? Msamiati wa mabaharia ni tajiri kwa maji yaendayo mbele na nyuma, ila ni mkavu kwa maji yaendayo juu na chini, kwa kuwa baharia huona uso. Waandishi wengine huandika kupanda kwa maji. Chaguo hilo halifai, maana kupanda kwa maji ni kuongezeka kwa kimo, jambo jingine kabisa. Kitenzi kinachofaa kipo tangu zamani: kuibuka, yaani kutokea juu baada ya kuwa chini ya maji, kinyume cha kuzama. Kuibuka kwa maji hakuhitaji tafsiri kwa mvuvi yeyote.

Jambo hili si la kamusi tu. Riziki ya wavuvi wa usiku wa Moba ni ndagala, ambaye Kigoma huitwa dagaa, na ndagala hutegemea virutubishi vinavyoibuka. Mwaka 2003 makala mbili, moja ya Catherine O'Reilly na wenzake na nyingine ya Piet Verburg na wenzake, zilionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto katika karne ya 20 na kizuizi kati ya tabaka kimekazana. Kundi la O'Reilly lilikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwani huenda ulipungua kwa asilimia 20 hivi, na hivyo mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake walipinga, wakisema kwamba mabadiliko ya mavuno yalitokana zaidi na namna ya kuvua. Mjadala huo umeendelea kwa Kiingereza.

Mvuvi amefikiwa na nusu yake moja. Nyavu, idadi ya mitumbwi na marufuku ni mambo yenye maneno. Mwaka 2024, kwa mfano, Tanzania ilifunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na tangazo la namna hiyo hueleweka siku hiyo hiyo. Tabaka za maji na kuibuka kwake ni mambo yasiyo na maneno, kwa hiyo hayasemwi. Lugha isiyoweza kutaja sababu ya pili humwachia mvuvi lawama yote ya sababu ya kwanza. Hata kama Sarvala na wenzake wana haki, mvuvi anastahili kuusikia ubishi wenyewe kabla ya kuhukumiwa nao.

6.0 Kujaa na kupanda

Mfano wa mwisho ni kujaa. Pwani bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Ni saa ya kutia na kutoa vyombo, na hakuna anayehofu. Ziwa halina maji kujaa na kupwa yanayoonekana kwa macho. Kimo chake hubadilika kwa majira, na mara chache kwa kishindo. Cameron alipoutambua Mto Lukuga mwaka 1874 kuwa ndio njia ya maji ya ziwa, njia hiyo ilikuwa imezibwa kwa matope na mimea. Mwaka 1878 iliachia, na ziwa likashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Maji mengi zaidi hata hivyo hayatokei Lukuga, bali hupotea kwa mvuke. Kwa hiyo kimo cha ziwa ni mizani kati ya mvua na jua.

Na mvua nayo ina mkono wa bahari. Mwishoni mwa mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida na upande wa mashariki ulipoa. Afrika Mashariki ikanyeshewa mno. Katika miaka iliyofuata, na tena mwaka 2024, maji yaliingia mitaani Kalemie, Uvira na Bujumbura. Kwa mkazi wa ufuko huo kujaa kwa maji ni nyumba iliyopotea. Mwandishi anayelitumia neno hili kwa utulivu wa Pwani ataje basi anazungumzia maji gani.

7.0 Hitimisho

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilikuwa hatua kubwa, na hakuna anayeandika sayansi kwa Kiswahili asiyedaiwa na kazi ya namna hiyo. Lakini orodha ya istilahi hulinganisha neno la Kiswahili na neno la kigeni. Hailinganishi Kiswahili cha mahali pamoja na cha mahali pengine. Mifano ya maji baridi, kiangazi, kupanda na kujaa inaonyesha kwamba hatari kubwa haiko katika neno lisilokuwapo. Iko katika neno ambalo kila mtu analijua na kila mtu analijua vingine.

Hapana budi basi istilahi za maji zipimwe mahali zaidi ya pamoja kabla ya kusanifishwa, na maziwa makuu yahesabiwe kuwa mahali pa kupimia, si pa kupelekewa tu. Istilahi itakayoeleweka Lamu na Moba kwa maana moja itakuwa imeshinda mtihani mgumu kuliko kikao chochote cha wataalamu.