Anayetazama Vidole

Februari, Okinawa. Ni visiwa vya kusini ambako timu nyingi za besiboli za Japani hupiga kambi kujiandaa na msimu. Warushaji watano sita wamesimama kwenye mstari, kila mmoja na mdakaji wake mbele, na mipira inapotua kwenye glavu unasikia pa, pa, pa, kama akina mama wanaotwanga katika kinu kimoja kwa kupokezana. Nyuma ya wavu wamekaa wazee watatu wenye kofia. Mmoja ameshika kifaa cha kupima mwendo, kile ambacho dereva wa Tanzania angekiita tochi na kukanyaga breki hapo hapo. Wa pili ana saa ya kuhesabia sekunde. Wa tatu ana daftari na kalamu tu, na wala hafuati mpira unakokwenda. Anatazama vidole vya kijana pale mpira unapoachana navyo.

Huyu wa tatu ndiye aliyenivuta niandike.

Sisi habari za usajili tunazipokea uwanja wa ndege: mchezaji kashuka, kavishwa skafu, kapiga picha na viongozi, na jioni vijiweni tunabishana kuhusu dau. Yaliyotangulia hatuyaoni. Katika besiboli ya Marekani, Mjapani anapovaa jezi mpya mbele ya kamera, aghalabu kuna mtu aliyemfuata kwa treni miaka na miaka, pengine tangu akiwa sekondari. Kila Agosti uwanja wa Koshien, karibu na Osaka, hujaa watu waliokuja kutazama wanafunzi wakicheza juani. (Jina hilo limefika hadi kwetu, mashindano ya shule ya besiboli Tanzania nayo yameitwa Koshien.) Mwaka 1998 mwanafunzi mmoja, Daisuke Matsuzaka, alirusha mipira 250 katika mechi moja iliyokwenda raundi 17, kisha kwenye fainali hakuna mpigaji aliyempata hata mara moja. Kwa desturi, Wamarekani hawakuwa wakiwagusa wanafunzi wale. Lakini kutazama hakukukatazwa. Aliyefungua ukurasa wa Matsuzaka siku zile alilazimika kungoja miaka minane kabla ya timu yake kuruhusiwa kutaja bei.

Na kwa nini vidole? Silaha kubwa ya warushaji wengi wa Japani ni mpira unaobanwa katikati ya kidole cha shahada na cha kati. Unakuja kama mpira wa kasi wa kawaida, mpigaji anazungusha rungu lake kwa nguvu zote, nao unadondoka mbele yake kama embe lililokatika kikonyo. Sasa, mzee wa daftari anajua jambo ambalo kwenye runinga halionekani: mpira wa Japani na wa Marekani si mmoja. Wa Japani ni mdogo kidogo na ngozi yake inanata. Wa Marekani unateleza, kiasi kwamba kabla ya mechi husuguliwa kwa tope maalumu linalochotwa pembezoni mwa mto Delaware. Hivyo mzee hajiulizi kama kijana huyu ni hodari, kwa maana hilo hata mtoto wa jukwaani analiona. Anajiuliza kama vidole hivi vitaubana mpira unaoteleza. Tena Japani mrushaji wa kuanza huingia kazini mara moja kwa wiki, na Marekani zamu humrudia mapema zaidi. Je, bega litakubali? Mkono unashuka kiasi gani anapochoka? Mwenzake akiangusha mpira rahisi, uso wake unakuwaje? Majibu ya maswali hayo hayatoki kwenye tochi. Yanatoka kwenye kukaa, na kukaa tena.

Tazama mrushaji Yoshinobu Yamamoto. Ana urefu wa sentimita 178, na jicho la Kimarekani kwa miaka mingi limependa mrushaji mrefu kama mnazi. Badala ya kunyanyua vyuma alikuwa akijinoa kwa kurusha kitu kinachofanana na mkuki. Mtu wa futi kamba angempita. Desemba 2023 Dodgers wa Los Angeles walimpa mkataba wa miaka 12 wenye thamani ya dola milioni 325, kabla hajarusha hata mpira mmoja katika ligi yao. Kwenye fainali za 2025 alishinda mechi tatu, na ya mwisho aliingia kuimalizia siku moja tu baada ya kuanza ile iliyotangulia.

Lakini jicho peke yake halimvushi mchezaji bahari. Kuna sheria, na sheria zenyewe zimechongwa kwa ugomvi. Mwaka 1964 timu ya Nankai Hawks ilimpeleka kijana wake Masanori Murakami akajifunze kwa Giants wa San Francisco. Giants wakamwona anafaa, wakampandisha timu kubwa, akawa Mjapani wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani. Nankai walipomdai, Giants wakawa wazito. Mwishowe alirudi nyumbani baada ya msimu wa 1965, na mwaka 1967 pande mbili zikawekeana makubaliano ya kuheshimiana mali. Mlango ukafungwa kwa karibu miaka 30.

Aliyeufungua ni wakala Don Nomura, na aliufungua kwa kusoma tu. Aligundua kwamba mchezaji akistaafu kwa hiari Japani, hakuna kinachomzuia kucheza ng'ambo. Mteja wake Hideo Nomo, akiwa bado na nguvu zake, akastaafu. Mwaka 1995 akaibukia Dodgers na kunyakua tuzo ya mchezaji mpya bora. Klabu yake ya Kintetsu ilibaki imeduwaa.

Baada ya vurugu nyingine mbili tatu, Desemba 1998 ukazaliwa utaratibu ambao Wajapani wanauita posutingu. Klabu ikikubali kumwachia mchezaji, ilimtangaza, na timu za Marekani zikaleta zabuni za siri. Mwenye dau kubwa ndiye pekee aliyeruhusiwa kuzungumza na mchezaji, kwa siku 30. Wasipoelewana, fedha hazitolewi na mchezaji anabaki kwao.

Hapo tena daftari likaonyesha thamani yake. Mwaka 2000 Seattle Mariners waliweka dola 13,125,000 kwa ajili ya Ichiro Suzuki, mpigaji mwembamba ambaye Wamarekani wengi walidhani angevunjika vipande. Seattle hawakubahatisha. Msimamizi wao wa usakaji vipaji upande ule, Jim Colborn, aliwahi kuwa kocha wa warushaji katika klabu ya Ichiro mwenyewe, Orix. Wengine walisoma takwimu zake. Yeye alikuwa amemwona mazoezini siku baada ya siku. Ichiro alimaliza msimu wake wa kwanza akiwa mchezaji bora wa ligi.

Zabuni zilileta na vituko. Boston walimnunulia Matsuzaka haki ya mazungumzo kwa dola 51,111,111 na senti 11. Yankees walitoa 26,000,194 kwa Kei Igawa, zile 194 zikiwa idadi ya wapigaji aliowatoa kwa kuwakosesha mpira msimu ule. Naipenda mbwembwe hiyo, ila Igawa alishinda mechi mbili tu kwenye ligi kuu ya Marekani. Bahasha ilikuwa imeandikwa vizuri kuliko daftari.

Kasoro nayo ilionekana. Mwaka 2010 Oakland walishinda zabuni ya Hisashi Iwakuma, hawakuelewana, naye akarudi Rakuten na begi lake. Basi mwaka 2013 zabuni ikafutwa: klabu ya Japani ikapewa haki ya kutaja bei isiyozidi dola milioni 20, na kila timu iliyo tayari kulipa ikaruhusiwa kuzungumza. Baadaye hesabu ikabadilika tena, na hii ya sasa ningempa mwalimu wa hisabati aifundishe darasani. Klabu hupata asilimia 20 ya dola milioni 25 za kwanza za mkataba, asilimia 17.5 ya milioni 25 zinazofuata, na asilimia 15 ya kinachobaki. Kwa Yamamoto: milioni 5, jumlisha 4.375, jumlisha 41.25. Klabu yake, Orix ile ile ya Ichiro, wakapokea zaidi ya dola milioni 50 juu ya mshahara wa mchezaji, bila kutoa hata senti moja kwenye mfuko wake.

Ila mchezaji asiyefika miaka 25 huhesabiwa kama chipukizi, na timu zina kikomo cha kumlipa. Mrushaji Roki Sasaki alipokwenda Dodgers Januari 2025 alipewa dola milioni 6.5, na klabu yake, Chiba Lotte, wakapata robo ya hizo. Linganisha na Orix. Niliwaonea huruma Lotte. Fedha zikishawekewa kikomo, timu inauza nini? Shohei Ohtani, mwaka 2017, alizipelekea timu maswali zijibu kwa maandishi. Sasaki naye alizipa kazi ya nyumbani: zieleze kwa nini kasi ya mpira wake imepungua na zitafanya nini. Anayetazamwa kageuka kuwa mtazamaji.

Ushawishi bora kuliko wote, kwa maoni yangu, haukufanywa na Wamarekani. Mwaka 2012 Ohtani, mwanafunzi wa Iwate, alitangaza kwamba anakwenda Marekani moja kwa moja na timu za nyumbani zisijisumbue. Hokkaido Nippon-Ham Fighters wakamteua hivyo hivyo kwenye mchujo ambapo klabu za Japani huchagua vijana wapya. Kisha wakamfuata kwao na andiko walilolitayarisha, lenye mifano ya vijana waliotangulia ng'ambo, nani alifika na nani alipotelea njiani. Wakamwahidi jambo ambalo wengine walilicheka, kwamba atarusha na atapiga, vyote viwili. Wakamtengea jezi namba 11, iliyoachwa na Yu Darvish aliyekwishavuka. Desemba akakubali. Miaka mitano baadaye walimtangaza mapema, wakijua bei yao haiwezi kuzidi milioni 20 na kwamba wakingoja miaka miwili zaidi mkataba wake ungekuwa mkubwa mara nyingi. Kijana alitaka kwenda.